Kiti chenye mshahara: kisa cha Pierre-Laurent Aimard na muziki wa watunzi walio hai

Mwaka 1976 mtunzi na mwongozaji wa muziki Pierre Boulez alikuwa anaunda kikundi kipya mjini Paris, Ensemble intercontemporain, kwa fedha za serikali ya Ufaransa na kwa kazi moja: kupiga muziki wa karne ya 20, hasa wa watunzi waliokuwa bado wanaandika. Kwenye piano akamweka kijana wa miaka 19 kutoka Lyon, Pierre-Laurent Aimard. Kijana huyo alikaa hapo miaka 18. Alipotoka alikuwa anaukaribia umri wa miaka 40, na jina lake lilijulikana zaidi kwa watunzi kuliko kwa wanunuzi wa tiketi.

Kilichofuata kinawashangaza wanaoamini kwamba mpiga piano asiyevuma kabla ya miaka 25 basi tena. Desemba 2001 alipiga peke yake kwenye ukumbi maarufu wa Carnegie Hall, New York. Mwaka 2003 zilitoka rekodi zake za konserto (kazi za piano na okestra) zote tano za Beethoven, Nikolaus Harnoncourt akiongoza. Kuanzia 2009 hadi 2016 aliliongoza tamasha la Aldeburgh, Uingereza, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya muziki ya Ernst von Siemens, yenye thamani ya euro 250,000.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kipaji. Kipaji kilikuwepo, hakuna ubishi. Lakini vijana wenye vidole kama vyake hawakuwa wachache katika Paris ya miaka ya 1970, na wengi wao waliojaribu kuishi kwa muziki mpya waliuacha ndani ya miaka michache. Tofauti ya Aimard ilikuwa mpangilio wa kazi: alilipwa kila mwezi, alipata muda wa mazoezi ambao msanii wa kujitegemea haupati, na watunzi walikuwa wanaingia chumbani kumsahihisha. Ukiviondoa vitatu hivyo, unabaki na kijana hodari mwenye madeni.

Tuanze na walimu, kwa sababu ndipo mambo mengi ya baadaye yalipopandwa. Aimard alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957. Kwenye Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, alifundishwa na Yvonne Loriod, mke wa mtunzi Olivier Messiaen. Tangu 1943 Messiaen alikuwa akiandika muziki wake wa piano akiwa na mikono ya Loriod akilini, na Loriod ndiye aliyevipiga kwa mara ya kwanza vipande 20 vya Vingt regards sur l'Enfant-Jésus mwaka 1945. Mwanafunzi aliyeketi mbele yake hakuhitaji kukisia pedali, kasi wala vidole: aliyekuwa anamwelekeza alikuwa na majibu yaliyotoka nyumbani kwa mtunzi. Mwaka 1973, mwaka aliotimiza miaka 16, Aimard alishinda tuzo ya kwanza ya shindano la piano lililobeba jina la Messiaen.

Mwalimu wa pili hutajwa kwa mstari mmoja tu katika wasifu wake, nasi tunadhani hapewi haki yake. Huyo ni Maria Curcio wa London, aliyekuwa mwanafunzi wa Artur Schnabel, mpiga piano aliyejulikana kwa Beethoven na Schubert. Kwa Loriod kijana alipata muziki wa leo. Kwa Curcio alipata ukoo wa Beethoven na Schubert. Zaidi ya miaka 20 baadaye, alipoombwa kupiga Beethoven mbele ya watu waliokuwa wamemzoea na watunzi wa kisasa kama Boulez na Ligeti, hakuwa anajaribu lugha ya kigeni.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Mpiga piano anayefuata njia ya kawaida hujifunza konserto ya kwanza ya Tchaikovsky akiwa na miaka 17 au 18, kisha huipiga kwa miaka 40. Gharama ya kujifunza inagawanyika kwa mamia ya maonyesho. Chukua upande wa pili: kazi mpya ya dakika 15, nota zimesongamana, alama nyingine mtunzi amezibuni mwenyewe. Tuseme inahitaji saa 150 za mazoezi kabla haijakaa mikononi. Itapigwa kwenye onyesho la kwanza, pengine na la pili katika mji mwingine, halafu itakaa kabatini. Ukiigawa ada ya maonyesho mawili kwa saa 150 unapata malipo ambayo hayalipi hata kodi ya chumba. Wala si kosa la mwandaaji; ukumbi wake una viti vingi vitupu siku hiyo.

Mshahara unaivunja hesabu hiyo. Ensemble intercontemporain ni kikundi cha wanamuziki 31 wenye mkataba. Saa 150 za kazi mpya zimo ndani ya ajira, kama zilivyo za mpiga fidla wa okestra. Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye hati ya malipo: kila juma nota ni mpya. Baada ya miaka mitano ya hali hiyo, macho yanasoma ukurasa ambao mwenzako wa njia ya kawaida angehitaji mwezi mzima kuufungua. Kasi ya kusoma ndiyo mtaji halisi wa fani hii, na haipatikani kwa kujifungia nyumbani na kazi tatu kwa mwaka.

Mfano wa kazi yenyewe ni Répons ya Boulez, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Donaueschingen, Ujerumani, mwaka 1981, Aimard akiwa miongoni mwa wapigaji wake sita wa peke yao (solo). Kikundi cha watu 24 kinakaa katikati ya ukumbi pamoja na mwongozaji. Wasikilizaji wanakizunguka. Wapigaji sita, wakiwemo wa piano mbili, kinubi, simbalomu, vibrafoni, na zailofoni pamoja na glokenshpili, wanakaa pembezoni kabisa, nyuma ya wasikilizaji, na sauti zao zinachukuliwa na maikrofoni, zinabadilishwa na kompyuta, kisha zinatupwa kwenye spika zilizozunguka ukumbi.

Ugumu wake hauko kwenye vidole. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mpiga piano aliye mita 20 kutoka kwenye kikundi anakisikia kikiwa kimechelewa sehemu kama 58 za elfu za sekunde. Akipiga kwa kufuata sikio, atakachopiga kitamfikia msikilizaji wa katikati kikiwa kimechelewa mara mbili: kuchelewa kwa kusikia na kuchelewa kwa kurudi. Juu ya hapo, spika iliyo karibu naye inarusha mwangwi wa nota yake mwenyewe ukiwa umegeuzwa, na sikio linataka kuufuata. Njia ni moja: kufuata fimbo ya mwongozaji kwa macho na kulinyima sikio amri ya mapigo. Mpiga piano aliyelelewa kwenye resitali (maonyesho ya kupiga peke yake), ambaye tangu utotoni ameambiwa asikilize, asikilize, asikilize, hupotea hapa katika mazoezi ya kwanza. Hilo halitibiki kwa kipaji. Linatibika kwa mazoezi ya pamoja ukumbini, vifaa vyote vikiwa vimewashwa, na mazoezi ya namna hiyo yana gharama ambayo ni taasisi tu inayoweza kuibeba.

Répons haikukaa ilivyokuwa, pia. Boulez aliirudia na kuirefusha mwaka 1982 na tena 1984. Huko ndiko kufanya kazi na mtunzi aliye hai: ulichojifunza mwaka jana kimebadilishwa mwaka huu, na vidole vinakumbuka toleo la zamani kwa ukaidi. Wenye uzoefu huwa na desturi za kujikinga. Kila nakala ya nota huandikwa tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Mabadiliko hubandikwa, hayaandikwi juu ya wino wa zamani. Kifungu kilichobadilika huanza kufanyiwa mazoezi kuanzia bari (vipimo vya mapigo) mbili kabla, kwa sababu mkono hurudia njia ya zamani pale pa kuunganishia, si katikati ya kifungu.

Kuna na suala la makosa ya kuandika. Nota mpya karibu zote huja nayo, hasa zilizochapwa kwa haraka kabla ya onyesho la kwanza. Kijana mwoga hujifunza kosa kwa bidii, saa 20 nzima, akidhani ni ujasiri wa mtunzi. Kijana mjuaji kupita kiasi husahihisha kisichokosewa. Utaratibu unaofaa ni kukusanya maswali yote kwenye karatasi moja, namba ya bari, mkono, nota iliyoandikwa na nota unayoishuku, kisha kuyatuma kwa pamoja wiki kadhaa kabla ya mazoezi ya kwanza. Mtunzi anayepokea ujumbe 14 tofauti kwa siku huacha kujibu baada ya wa tatu.

Orodha ya maonyesho ya kwanza aliyopewa Aimard katika miaka hiyo inatosha kuonyesha watunzi walivyomwamini. Mwaka 1985 Karlheinz Stockhausen alimwachia Klavierstück XIV, zawadi ya kumbukumbu ya miaka 60 ya Boulez. Lakini uhusiano uliomjenga zaidi ni ule wa György Ligeti, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu mzizi mmoja wa muziki huo uko karibu nasi.

Ligeti, Mhungaria aliyezaliwa Transilvania, aliandika vipande 18 vya piano vinavyoitwa Études: sita vya kitabu cha kwanza mwaka 1985, vinane vya kitabu cha pili kati ya 1988 na 1994, na vinne vya kitabu cha tatu kati ya 1995 na 2001. Viwili, namba 10 na namba 12, vimetolewa kwa jina la Aimard. Kabla ya kuanza kuviandika, Ligeti alikuwa amepata mafunzo kutoka pande mbili. Mwaka 1982 mwanafunzi wake kutoka Puerto Rico, Roberto Sierra, alimletea rekodi za muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati zilizokusanywa na mtafiti Simha Arom. Pia alisoma maandishi ya Gerhard Kubik, Mwaustria aliyekwenda Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950 na kufundishwa amadinda na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa jumba la Kabaka.

Amadinda ni marimba ya Buganda yenye mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo vya migomba. Inapigwa na watu watatu kwa pamoja. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfululizo wake wa nota kwa mwendo ulio sawa kabisa. Wa pili, omwawuzi, ameketi ng'ambo ya mbao zilezile na anaziingiza nota zake katikati ya za mwenzake, kila moja kwenye nafasi iliyo wazi. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili za juu tu; kazi yake ni kuzifuata sauti mbili za chini kabisa kila zinapojitokeza kwa wenzake na kuzirudia juu. Kinachosikika ni nyimbo kadhaa zinazopishana, kwa kasi ambayo hakuna mmoja wao anayeipiga, na kwa mikazo ambayo hakuna mmoja wao anayeikusudia. Sikio linazipanga nota za juu pamoja na za chini pamoja, nayo miziki mipya inazaliwa.

Ligeti alichukua wazo hilo, hakuchukua nyimbo. Katika Étude ya kwanza, Désordre, mkono wa kulia unakaa kwenye vibonye vyeupe na wa kushoto kwenye vyeusi. Mikono yote miwili inapiga nota fupi zisizokatika, zilizopangwa kwa vikundi vya 3 na 5, jumla 8 kwa bari. Mwanzo wa kila kikundi una mkazo na ni okteva, yaani nota ileile ya juu na ya chini kwa pamoja. Mwanzoni mikazo ya mikono miwili inaangukia pamoja. Kwenye bari ya nne mkono wa kulia unapewa nota 7 badala ya 8. Kuanzia hapo umetangulia kwa nota moja, baadaye kwa mbili, na hivyo hivyo hadi msikilizaji anapohisi kuna watu wawili wanaokimbia kwa miguu tofauti. Wimbo wa mkono wa kulia una bari 14 kabla ya kujirudia, wa kushoto una 18, kwa hiyo hata marudio hayakutani.

Kasi iliyoandikwa ni nota nzima 63 kwa dakika. Kila nota nzima ina nota fupi 8, maana yake ni 504 kwa dakika, au zaidi kidogo ya nane kwa sekunde, kwa kila mkono, bila kupumua. Hapo ndipo vijana huvunjika, na huvunjika kwa njia zinazojulikana.

Kosa la kwanza ni kuhesabu. Ukihesabu kwa mkono wa kushoto, wa kulia unageuka kuwa kosa la kushoto, na ubongo unausahihisha bila kukuuliza: utashtuka mikazo imeanza kukutana tena. Kinachotakiwa ni kuihisi nota fupi kama saa inayotembea chini ya mikono yote miwili, na mikazo kama vitu viwili huru vinavyokaa juu ya saa hiyo. Namna nzuri ya kuipata, nayo haihitaji piano, ni kuwaweka watu wawili mezani. Mmoja anapiga mikazo ya kulia, mwingine ya kushoto, wote wakinong'ona nota fupi pamoja. Wakishamaliza mzunguko wanabadilishana. Mwanafunzi aliyewahi kuchezea marimba au ngoma za kupishana huipata hatua hii haraka; aliyelelewa kwenye mazoezi ya skeli tu huhitaji siku kadhaa.

Kosa la pili ni uzani. Mikazo imeandikwa kwa nguvu na nota za katikati kwa upole. Mchezaji aliyechoka huzipandisha za katikati, na zikifikia nguvu ya mikazo kipande kizima kinageuka kelele. Kwa hiyo hujifunzwa kinyume: kwanza okteva za mikazo peke yake, kila mkono kivyake, nota za katikati zikiachwa kimya lakini muda wake ukihesabiwa na metronomu (kifaa cha kupiga mapigo), kisha nota za katikati zinaongezwa kwa kidole cha pili, cha tatu na cha nne, nyepesi kiasi cha kutaka kupotea. Mikono huunganishwa mwisho, kwa nusu ya kasi, na metronomu hupandishwa alama mbili mbili. Kifundo cha mkono kikianza kuwa kigumu, kasi hurudishwa. Maumivu ya kano yanayotokana na kipande hiki huweza kumtoa mtu kazini kwa miezi.

Kosa la tatu ni la chombo. Étude ya tatu, Touches bloquées, inautaka mkono mmoja ushikilie vibonye chini bila kutoa sauti huku mwingine ukipita juu yake kwa kasi, vikiwemo vile vilivyoshikiliwa, ambavyo vinabaki mabubu. Matokeo ni kama kigugumizi kilichopangwa. Piano ambayo mitambo yake haijarekebishwa vizuri inaliharibu jambo hili: kibonye kinachotakiwa kuzama kimya kinaguna, au nyundo inaruka mara ya pili. Anayekwenda kupiga kipande hiki mjini kwa watu huomba nusu saa na fundi wa piano kabla ya mazoezi, na anamwonyesha vibonye vyenyewe kimoja kimoja. Kumwambia fundi "iwe nyepesi" hakusaidii kitu.

Rekodi ya Aimard ya Études hizi ilitoka mwaka 1997 katika mfululizo wa kazi za Ligeti uliosimamiwa na mtunzi mwenyewe. Inaishia namba 15, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwepo. Mwaka 2003 akatoa albamu iliyoweka Études hizo na kazi za Steve Reich, mtunzi wa Marekani, bega kwa bega na nyimbo za Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati, wakiimba wao wenyewe. Kuna waliosema ni maonyesho ya kigeni kwa ajili ya soko. Kwetu ilikuwa heshima ya kutaja chanzo, jambo ambalo wanamuziki wengi wa Ulaya walioazima Afrika hawakujisumbua kulifanya.

Kwa nini basi aliondoka kwenye kiti kilichompa yote hayo? Sababu za moyoni ni zake. Za kikazi zinaonekana kwa yeyote anayeijua ajira ya kikundi. Mwanachama hachagui anachopiga. Kazi kubwa na kazi ya kubahatisha zinapata saa sawa, kwa sababu mtunzi wa pili naye anastahili onyesho la kwanza lililo safi. Muziki wa Bach au Schumann unabaki wa usiku, nyumbani. Na kadiri miaka inavyokwenda, waandaaji wanakubandika jina: huyu ni wa muziki mpya, usimpigie simu kwa Mozart.

Bandiko hilo ni hatari kuliko ugumu wa nota. Aimard alilibandua kwa hatua mbili. Ya kwanza ni Harnoncourt, mwongozaji aliyejenga jina kwa muziki wa zamani na vyombo vya zamani. Alimtaka mpiga piano huyu kwa konserto za Beethoven pamoja na Chamber Orchestra of Europe, zikarekodiwa Graz, Austria. Hoja yake inaeleweka: mtu aliyezoea kusoma kila alama kana kwamba wino haujakauka ataisoma Beethoven hivyohivyo, na hatapiga kwa mazoea ya rekodi alizolelewa nazo.

Hatua ya pili ni upangaji wa programu, na hapa Aimard ni fundi kuliko wenzake wengi. Kwenye Carnegie Hall mwaka 2001 hakuleta Ligeti mtupu. Aliweka Berg, Beethoven, Liszt, Debussy na Ligeti usiku mmoja. Mwaka 2011 alitoa albamu ya diski mbili inayomzunguka Liszt, na humo yumo Marco Stroppa, mtunzi aliye hai. Programu ya namna hii ina kanuni zake. Kipande kipya hakiwekwi mwisho kabisa, kwa sababu watu watakuwa wanatafuta koti. Hakiwekwi cha kwanza pia, maana wachelewaji wanaingia. Kinakaa baada ya kitu kinachoshiriki nacho jambo moja linalosikika, iwe kengele, mwangwi, au mkono wa kushoto unaoshuka, na kinakuwa kifupi kuliko kilichokitangulia. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu Ligeti hulisikia jambo hilo bila kuhitaji hotuba.

Wakati mwingine alivunja hata kanuni hizo. Tarehe 19 Juni 2016, katika mwaka wake wa mwisho Aldeburgh, alipiga vipande vyote 13 vya Catalogue d'oiseaux ya Messiaen kwa siku moja, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, vikipangwa kwa saa ambazo ndege wanaoelezwa huimba. Mkurugenzi wa tamasha ndiye anayeweza kujipangia siku kama hiyo. Msanii wa kawaida akipeleka ombi la kuwataka watu waje kwenye piano kabla jua halijachomoza atajibiwa kwa upole kwamba bajeti imefungwa.

Kijana wa leo anayetaka njia hii hatakuta kiti kilekile. Vikundi vipo: London Sinfonietta tangu 1968, Ensemble Modern ya Ujerumani tangu 1980, Klangforum Wien tangu 1985, na kile cha Paris bado kinaendelea. Lakini kila kimoja kina nafasi chache za piano, na anayeipata huikalia miaka mingi. Milango ya kuingilia ni midogo zaidi: akademia ya kila mwaka inayoendeshwa na Ensemble Modern, ile ya tamasha la Lucerne iliyoanzishwa na Boulez, na shindano la piano la Orléans, Ufaransa, lililoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya muziki wa kuanzia 1900. Ushindi wa Orléans hauleti wakala wa New York. Unaleta majina ya watunzi na simu za vikundi, na kwa fani hii hayo ndiyo yanayolipa.

Gharama moja husahaulika hadi ankara ifike. Muziki huu uko chini ya hakimiliki, ambayo Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi: Ligeti alifariki 2006, Boulez 2016, kwa hiyo kazi zao zitalindwa hadi mwisho wa 2076 na 2086. Nota za piano ya peke yake hununuliwa dukani. Nota za kazi yenye kikundi au okestra kwa kawaida hukodishwa na mchapishaji kwa kila onyesho, na ada ya kupiga hulipwa juu yake. Kijana anayejiandalia onyesho aulize bei ya kukodi kabla hajachapisha tangazo, na aseme tangu mwanzo kama kutakuwa na kurekodi au kurusha mtandaoni, kwa sababu hayo hulipiwa kivyake.

Lililo gumu zaidi kuiga ni uhusiano na watunzi, na kosa la kawaida ni kumkimbilia mtunzi mwenye miaka 80. Aimard naye aliwahudumia wazee: Elliott Carter alimwandikia Caténaires mwaka 2006 akiwa na miaka 97. Lakini angalia George Benjamin, Mwingereza aliyezaliwa 1960, miaka mitatu tu nyuma yake, aliyesoma Paris kwa Messiaen na kwa Loriod huyohuyo. Walikuwa vijana pamoja, hakuna aliyekuwa na cha kumpa mwenzake zaidi ya muda. Mwaka 2001 Benjamin alikamilisha Shadowlines, vipande sita vya kanoni (sauti moja ikiigwa na nyingine inayoifuata), na Aimard ndiye aliyevitoa hadharani. Mwaka 2008, huko Lucerne, walifika kwenye Duet ya piano na okestra, ambamo Benjamin aliwaondoa wapiga fidla wote ili piano isigombanie nafasi yake. Mtunzi huamua jambo kama hilo akishajua hasa mkono utakaopiga una sauti gani.